Mizigo ya Mlimani ya Verla Egbert

Katika mashamba yote ya viazi yaliyo chini ya milima ile ya Idaho, hakukuwa na mtu aliyejua kufunga mizigo ya safari ya theluji kama Verla Egbert, wala hakukuwa na aliyetaniwa kwa ajili ya mizigo kama yeye.

"Mama watoto," mumewe Delmar alikuwa akimwambia kila mwaka, "tunakwenda kutembea au tunahama?"

Na Verla, bila kuinua kichwa, alimjibu, "Wewe kazi yako kuendesha. Ukiganda huko juu utamwita nani? Utaiita mashine?"

Delmar alikuwa mkulima wa viazi vya mbegu, mrefu, mpole, mwenye masikio mekundu hata wakati wa kiangazi. Verla alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Kila mwaka, Krismasi ikishapita na viazi vikiwa vimelala ghalani, familia nzima ilipanda pikipiki za theluji kwenda kwenye kibanda cha magogo alichokijenga babake Delmar kando ya ziwa dogo juu milimani, mahali ambapo wakati wa baridi gari halifiki na farasi huzama hadi tumboni. Wiki ile ya kabla ya safari watu walikula wamesimama, sahani mkononi, maana meza yote ilikuwa imetekwa na mizigo.

Verla alianzia kwenye ngozi ya mtu akatoka nje. Kwanza nguo za ndani za sufu. Pamba hakutaka hata kuiona, kwa sababu pamba ikilowa jasho humnyonya mtu joto kama kupe. Kisha sweta nzito, kisha suruali na makoti ya kuzuia upepo. Glavu jozi mbili mbili, kwa kuwa ile ya kwanza italowa tu, upende usipende. Miwani ya upepo, na mafuta ya jua, maana jua la kwenye theluji huchoma hadi ndani ya matundu ya pua. Kisha vikaja vitu vya mashine: mkanda wa akiba, plagi, kamba ya kuvutana, madumu ya petroli. Kisha vikaja vitu vya tumbo: soseji, mikate ya mdalasini, unga wa chokoleti ya kunywa, kwani kahawa na chai dini yao haikuwaruhusu, na nyama na viazi alivyovifunga kwenye karatasi ya bati ili viegeshwe juu ya ekzosi ya pikipiki na kufika mchana vikiwa vimeiva vyenyewe.

Mwisho kabisa, kwenye pembe ya meza ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa, aliviweka vitu vya poromoko la theluji: mabeleshi ya kukunja, fito ndefu za kupekechea theluji, na vifaa vya kifuani, kimoja kwa kila kichwa. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kama redio ya mkono. Mtu alikivaa chini ya koti, akakiwasha asubuhi, nacho kutwa nzima kikatoa ishara isiyosikika kwa sikio. Mlima ukikuporomokea, wenzako wanageuza vya kwao visikilize, navyo vinawaongoza hadi hapo ulipofukiwa. Usipokuwa nacho, utatafutwa kama punje ya chumvi iliyodondokea kwenye unga.

Mwaka ule Verla alifunga mizigo huku akiimba, na aliyemfanya aimbe ni mwanawe wa mwisho, Kelton.

Kelton alikuwa ameondoka nyumbani akiwa kijana mbichi, kwenda nchi ya mbali kuhubiri kama vijana wa kanisa lao wanavyofanya, akarudi kabla ya muda wake. Hakuna aliyemwuliza sababu hadharani. Kina mama wa kanisani walimshika Verla mikono wakimwambia, "Tunamwombea, Dada Egbert," kwa sauti ile ile wanayompa mtu aliyefiwa. Miaka ikapita. Kelton akafanya kazi kwenye maghala ya babake, akachagua viazi gizani, akala kidogo, akalala sana. Mama akimwuliza anaumwa wapi, jibu lilikuwa moja: "Siumwi, Mama. Nimechoka tu." Delmar alisema kijana atakaa sawa. Askofu alisema atakaa sawa. Verla naye akasema hivyo hivyo, kwa sababu hakujua neno jingine la kusema.

Na kweli, msimu ule wa baridi ulipoanza, akakaa sawa. Alikata nywele. Akaanza kucheka mezani. Alimpa shemeji yake Coy, mume wa dada yake Bryndee, zile glavu zake za ngozi alizozinunua kwa mshahara wake mwenyewe na ambazo hakuwahi kumwazima mtu. Alimpa Maren, binti mdogo wa Bryndee, fimbo yake ya kuvulia samaki, akamwambia, "Chukua wewe, mjomba hana subira."

"Huyu umempa dawa gani?" Coy alimwuliza mama mkwe jikoni, glavu mpya mikononi.

"Sala," Verla alijibu. "Na viazi vya jibini."

Siku ya kufunga mizigo Kelton alikuja mwenyewe akaketi mezani, akaanza kukunja soksi bila kuombwa.

"Hizi za nani?"

"Zako."

"Jozi tatu, Mama?"

"Miguu yako inatoka jasho tangu ulipozaliwa. Nyamaza, kunja."

"Mwishowe utanifungia na mto."

"Nimeshaufunga."

Alicheka hadi akafuta machozi. Halafu, soksi mkononi, akauliza, "Hivi wewe huwa huchoki?"

"Kuchoka na nini?"

"Kuogopa kwa niaba yetu sote."

Verla alimpiga begani kwa ile soksi. "Kunja, bwana. Mdomo mrefu, kazi fupi."

Walipanda mlima kesho yake, pikipiki nne zimefuatana, mbili za nyuma zikivuta masanduku ya kuteleza yaliyosheheni. Walifika salama. Usiku wakacheza karata, wakanywa chokoleti, na Kelton akamwachia Maren ashinde kila mchezo.

Asubuhi redio ilionya kwamba theluji mpya imekaa juu ya theluji ya zamani iliyooza, na kwamba miteremko mikali haitabiriki. Delmar aliweka uma chini.

"Lile bakuli la mlima, upande wa kaskazini, hakuna anayeligusa leo. Awe nani, awe nani." Alisema hivyo akimtazama Coy, ambaye alipenda kuipandisha mashine mlimani hadi inaguna.

"Nimesikia, mzee," Coy akasema.

Kelton alikuwa akimmiminia Maren asali kwenye chapati zake. "Umesikia vizuri, shemeji? Awe nani, awe nani." Wote wakacheka.

Wanaume wawili walitangulia nje kuzipasha mashine moto. Bryndee aliinama kumfunga Maren buti. Verla alimsimamisha Kelton karibu na mlango, akamvisha kile kifaa kwa mikono yake mwenyewe, akavuta ukanda ukakaa, akabonyeza kitufe, taa ikapepesa.

"Mama, mimi mtu mzima."

"Mtu mzima hafukiwi?" Akampigapiga kifuani juu ya koti, kama anavyopigwapigwa mtoto aliyeshiba. Kelton akamshika mkono ule, akaubana hapo hapo kidogo, kisha akauachia akatoka.

Mchana walisimama kwenye uwanda uliozungukwa na misonobari, wakala nyama na viazi vilivyoiva kwenye ekzosi. Jua lilikuwa kali na anga buluu tupu. Kelton alikula vizuri. Halafu akasimama akasema glavu zake zimelowa, anarudi kibandani mara moja kuchukua jozi kavu.

"Ninazo hapa za akiba," Verla akasema, tayari amefungua mkoba.

"Hizo za Baba, zinanipwaya. Sichelewi."

Alipanda mashine yake, akainua mkono, akatoweka kwenye miti. Walimsikia akienda, kisha hawakumsikia tena. Verla aliosha sufuria kwa theluji. Maren alichimba shimo la sungura. Chokoleti ikachemka na kunywewa, na Kelton alikuwa bado hajarudi.

Ndipo Coy aliposema, "Ile nini?"

Juu ya miti, upande wa kaskazini, wingu jeupe lilikuwa likipanda polepole mahali ambapo hapakuwa na mawingu. Mlio ulifuata baadaye, mzito, kama lori linalomwaga viazi mbali sana. Delmar alikuwa tayari ameshika mashine.

Theluji ya bakuli lile ilikuwa imevunjika kutoka ukingoni. Mteremko mzima ulikuwa umeshuka na kujilundika chini, mabonge makubwa kama majokofu, na alama moja tu ya pikipiki ikipanda upande wa kushoto ambako theluji haikuanguka, imenyooka, bila kupinda, hadi ilipokatikia. Coy na Delmar waligeuza vifaa vyao visikilize, wakakimbia huku na huku wakianguka na kuinuka.

"Unapata?"

"Sipati kitu!"

"Pita juu! Pita juu zaidi!"

"Mzee, hakuna mlio! Hana kifaa!"

"Anacho!" Delmar alipiga kelele. "Mama yake huwavisha wote!"

Walipekecha kwa fito. Verla naye alipekecha, hatua kwa hatua, akisikiliza kwa mikono yake kama ncha itagusa kitu laini. Iligusa mawe. Iligusa magogo. Waokoaji wa wilaya, walioitwa kwa kidude cha setilaiti, walifika na mbwa, na mbwa wakanusa wakazunguka wakakaa. Jua lilipogusa mlima, mkubwa wao aliwaamuru watu wote watoke kwenye bonde, kwa sababu upande wa juu ulikuwa bado umening'inia na ungeweza kushuka wakati wowote. Delmar ilibidi ashikwe na wanaume wawili.

Verla alitangulizwa kibandani akawashe moto. Lakini moto ulikuwepo. Alipofungua jiko alikuta kuni zimejazwa hadi mlangoni, zimepangwa vizuri, nyingine hata hazijashika. Sasa akaelewa kwamba Kelton alifika pale kweli, akatulia, akahakikisha wakirudi wanakuta joto.

Glavu kavu zilikuwa palepale kwenye kamba, hazijaguswa.

Alikwenda kwenye mkoba wa mwanawe, akaingiza mkono, akatoa nguo moja moja. Chini kabisa kulikuwa na soksi nene yenye kitu kigumu ndani. Hakuwa na haja ya kutazama, lakini alitazama. Kifaa kilikuwa kimezimwa. Ukanda wake ulikuwa umekunjwa mara tatu, vizuri, kama alivyomfundisha kukunja. Mtu mwenye haraka hakunji ukanda hivyo.

Alikuwa bado amepiga magoti pale sakafuni Delmar alipoingia, barafu imemganda kwenye nyusi.

"Hicho nini?"

Verla alikitazama kile kifaa, akamtazama mumewe. Aliona uso wa mtu ambaye mpaka dakika ile alikuwa na mtoto aliyepatwa na ajali. Aliona kwamba akifungua kinywa kusema kweli, mtu huyu atampoteza mwanawe mara ya pili, na safari hii hakutakuwa na mlima wa kulaumu.

"Cha Kelton," akasema. "Kilikuwa mkobani."

"Kinafanya nini mkobani?"

"Sikumpa."

"Hukumpa?"

"Niliwapa ninyi. Halafu nikashughulika na buti za Maren. Nikamsahau."

Bryndee alikuwa mlangoni, mwanawe amelala begani. Alimtazama mama yake, kisha akazitazama buti za Maren.

Delmar hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisimama akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kuondoa maji sikioni. "Miaka yote hii," akasema. "Miaka yote hii, Verla, unatujazia soksi."

Akatoka, akaenda kukaa kwenye baridi juu ya mashine yake.

Hawakumpata Kelton siku ile, wala wiki ile. Theluji nyingine ilishuka ikafunika, na waokoaji wakasema mpaka iyeyuke. Basi msimu wote wa baridi Delmar alipanda mlima kila alipopata nafasi, peke yake, na ufito mmoja. Alijifungia chakula mwenyewe: mkate mkavu na kipande cha jibini. Verla aliamka mapema akamfungia sufu kavu, akaweka mlangoni, na Delmar akazivuka kama mtu anavyovuka dimbwi. Hakumtukana hata siku moja. Alimwomba chumvi mezani, akamshukuru. Lakini alihamia kulala chumba cha Kelton, na mlango akaufunga.

Mji ulijua. Mji mdogo hujua hata ambayo hukuyatenda. Kwenye jiko la shule walimu walimwambia pole, wakashusha macho. Kanisani mwanamke mmoja alimkumbatia muda mrefu, akamnong'oneza, "Mungu anasamehe usahaulifu, Dada Egbert. Usijiue kwa mawazo." Verla alisema asante. Alirudi kwenye gari lake, akafunga vioo, akakaa mpaka maegesho yote yakabaki matupu.

Hakuweza kusali. Akipiga magoti, sala ilifika kwenye ile soksi ikakwama. Usiku na mchana aliirudia miezi ile ya mwisho, kila kicheko, kila zawadi, zile nywele zilizokatwa. Watu wote waliona kijana anapona. Yeye ndiye aliyemzaa, yeye ndiye aliyejua miguu yake hutoka jasho, na alimwona mtu anayeaga akadhani anarudi. Wakati mwingine alijipa moyo: labda ukanda ulimbana. Labda alikivua akitafuta kitu, akasahau, akaona mteremko unang'aa akashindwa kujizuia kama vijana wanavyoshindwa. Alikishikilia kisa hicho kama anayezama anavyoshika jani. Halafu zikamjia zile kuni zilizojazwa jikoni, na alama ile ya pikipiki isiyopinda.

Juni theluji ilipoyeyuka, waokoaji wawili walimkuta karibu na kijito. Jeneza halikufunguliwa. Kina mama walileta viazi vya jibini, sinia kwa sinia, na Verla akajikuta anawaonyesha mahali pa kuziweka, kama msiba ni wa jirani.

Delmar alitaka kusema mwenyewe mbele ya watu. Alishika ukingo wa mimbari kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu alikuwa amepita kipindi kigumu," alisema. "Wengi wenu mlijua, mkanyamaza kwa heshima. Nawashukuru. Lakini mlimwona Krismasi. Mlimwona anavyocheka. Alikuwa ameanza kupenda kuishi. Hilo halitaondolewa kwangu na yeyote." Akaubana ule ukingo. "Kosa dogo la kibinadamu limetunyang'anya. Ni hilo tu."

Kanisa zima lilimtazama Verla, kisha likatazama sakafu. Naye, akiwa ameketi wima kiti cha mbele, aliona mumewe ameteremka pale mimbarini akitembea vizuri, mgongo umenyooka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Alijua basi kwamba hatasema kamwe.

Majani yalipogeuka rangi, shule ilifungwa kama kila mwaka ili watoto na wakubwa wavune viazi. Verla alikuwa ndani ya lori kwenye foleni ya kupakiwa, Bryndee akapanda upande wa pili, mikono imejaa udongo, akafunga mlango.

"Mama, mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Usinifanyie hivyo. Aliyemfunga Maren buti ni mimi, si wewe. Wewe ulikuwa mlangoni na Kelton. Nilikuona unampigapiga kifuani."

"Umechanganya siku."

"Mama!"

Verla aliushika usukani. Mbele, mashine ya kuvunia ilikuwa ikitapika viazi na vumbi. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Hata Coy. Lakini siwezi kuendelea kumwona Baba anakupita kama kiti. Anakuchukia kwa uongo!"

"Hanichukii. Ananiegemea."

"Anakuegemea kwa kukulaumu?"

"Ndiyo. Nikisogea, anaanguka. Wewe ulimwona babako alivyokuwa mwezi wa pili. Alikuwa hali chakula. Niliificha bunduki yake nyumbani kwa jirani, hujui hilo. Sasa anakula. Anavuna. Una hakika unataka nisogee?"

Bryndee alianza kulia, kwa hasira, bila kujifuta, vumbi likageuka tope mashavuni. "Na Kelton? Basi hata sisi wawili hatuwezi kumlilia kwa ukweli wake?"

"Lia," Verla akasema. "Nani amekukataza? Lia hapa."

"Na wewe unaegemea nini, Mama?"

Nyuma yao lori lingine lilipiga honi. Foleni ilikuwa imesogea. Verla akaweka gia, akasogea mbele, na viazi vikaanza kuanguka nyuma kwa kishindo kiasi kwamba hawakuweza tena kusikilizana.

Krismasi iliyofuata ilipopita, Maren alimwambia babu yake anataka kwenda kibandani. Hakuna aliyedhani Delmar atakubali, lakini alikubali, na usiku huo huo akaanza kushusha vitu kutoka darini. Verla alipokaribia meza, alimwinulia kiganja, bila ukali.

"Mwaka huu nitafunga mwenyewe."

"Nikuonyeshe tu kila kitu kilipo."

"Nimesema nitafunga mwenyewe. Wewe baki upumzike."

Alibaki amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, akimwangalia mtu mkubwa yule akitupia vitu ovyo: kilicholowa juu ya kilicho kikavu, soksi za pamba miongoni mwa za sufu, petroli karibu na mkate. Vile vifaa vya kifuani alivikagua kimoja kimoja, akavikagua tena, akabadilisha betri ambazo zilikuwa mpya, kisha akavitia vyote ndani ya koti lake mwenyewe akafunga zipu mpaka shingoni.

"Delmar," Verla akasema. "Maren hana glavu za akiba."

Delmar aligeuka. Alikwenda kwenye sanduku, akachukua glavu za mtoto, akazitia mkobani. Kisha, akiwa amempa mgongo, akasema, "Sikuchukii, mama watoto. Nataka ujue. Ni kwamba siwezi tu."

"Najua."

"Nimejaribu."

"Najua, Delmar. Nenda salama."

Walipoondoka aliingia ghalani kuchagua viazi vilivyoanza kuoza, kwa kuwa wafanyakazi walikuwa likizo na kuoza hakungoji mtu. Alifanya kazi kwa pua na vidole hadi mgongo ukakataa. Jioni ile simu yake ililia mfukoni. Bryndee alikuwa ametuma ujumbe kwa kile kidude cha setilaiti wanachopanda nacho mlimani: "Tumefika wote salama. Baba amejitupa kwenye kitanda cha Kelton na nguo zote mwilini. Amegeukia ukutani, haongei. Mama, nimwambie?"

Verla aliusoma mlangoni mwa ghala, ambako mtandao ulishika. Aliusoma tena. Vidole vyake vilikuwa na uozo wa viazi, akavifuta kwenye aproni kwanza, akaandika: "Usimwambie kitu. Mvue buti, atakuwa amelowa miguu. Mfunike."

Alituma. Alisimama hapo akingoja jibu mpaka miguu ikamfa ganzi. Halikuja, akarudi ndani.